Kumfundisha mwandishi ndani ya tamthiliya yake: mfano wa Kinjeketile

Mwalimu mwenzangu wa Ilemela, hapa Mwanza, alinionyesha andalio lake la somo. Lilihusu Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein kuhusu vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani (1905–1907). Wasifu wa Hussein ulikuwa ukurasa wa kwanza, dhamira ukurasa wa pili, na hakuna kilichouunganisha mmoja na mwingine. Wanafunzi hukariri huo wasifu, wakauandika kwenye mtihani, na mchezo wenyewe ukabaki kama ulivyokuwa. Utaratibu niliompa ndio huu.

Hatua ya 1: Someni mchezo kwa sauti

Wasimame, wagawane uhusika, wasome. Mwandishi usimtaje bado. Vijitabu vya maswali na majibu vifungiwe kabatini hadi mada iishe. Mimi sivitaki kabisa darasani, maana vinampa mtoto jibu kabla hajapata swali.

Hatua ya 2: Anzia kwenye pamba

Huku kwetu hii ni bahati. Mtoto wa Kwimba au Magu anaijua pamba kuwa ndiyo ada na ndiyo mabati ya nyumba. Akikuta watu wa Rufiji na Umatumbi wanaichukia, anashangaa. Mwache ashangae kidogo, kisha mweleze mashamba ya lazima yaliyoanzishwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1902: mtu anaacha shamba lake la chakula, anakwenda kulima la mkubwa kwa kiboko. Hapo ataelewa kwa nini njaa inazungumzwa mapema hivyo katika mchezo huu.

Hatua ya 3: Chora mistari miwili ya miaka

Tumia karatasi ya manila na maka pen, si ubao, kwa sababu mistari hii itakaa ukutani hadi mwisho wa mada. Mstari wa juu ni wa vita: 1902, 1905, 1907. Wa chini ni wa mwandishi: 1943 anazaliwa pwani ya kusini, 1961 Uhuru wa Tanganyika, 1964 Mapinduzi ya Zanzibar, 1967 Azimio la Arusha, 1969 kitabu kinachapishwa.

Hatua ya 4: Tafuta mahali alipoiacha historia

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Tenga vipindi viwili mfululizo, na usikubali kukatishwa na kengele katikati.

Hussein aliandika akiwa na masimulizi ya wazee wa Majimaji yaliyokusanywa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo historia aliijua. Alipoibadilisha, alikusudia. Swali la kuwauliza wanafunzi si "mwandishi aliamini nini?" Swali hilo huzaa majibu ya hewani. Waulize: "Amebadilisha nini, na mabadiliko hayo yanamlazimisha mhusika kufanya nini?"

Mimi hutumia sehemu mbili. Ya kwanza ni kifo. Kinjeketile Ngwale wa historia, mganga aliyewagawia watu maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro, Rufiji, mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ndiyo kwanza imeanza. Kinjeketile wa mchezo anaachwa hai hadi aone watu wake wameshindwa, kisha anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Mwandishi amemwongezea maisha ili aweze kuulizwa swali hilo. Wape wanafunzi muda walijibu wenyewe: angekiri, vizazi vya baadaye vingerithi nini? Kisha waelekeze kwenye mstari wa chini. Anayeandika ni kijana wa nchi changa, anatafuta ni kipi katika kushindwa kule kilichosalia kuwa mali ya watu.

Ya pili ni ngumu zaidi, na walimu wengi huiruka. Kinjeketile anapotoa unabii, anasema watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani Mwarabu wa Zanzibar. Jina hilo limo katika masimulizi ya wazee, Hussein hakulizua. Alichoongeza ni mhusika kuyasikia maneno yake mwenyewe na kushtuka: tunamfukuza mtawala mmoja ili tuwe chini ya mwingine? Mwambie mwanafunzi aweke kidole kwenye 1964, kisha 1967, kisha arudi kwenye ukurasa ule. Swali la uhuru ni wa nani linaulizwa mwaka 1969, kwa kinywa cha mtu wa 1905.

Angalizo: usiligeuze somo kuwa mashtaka dhidi ya Waarabu. Likielekea huko, rudi kwenye maneno ya mchezo. Kinachopingwa ni kutawaliwa. Angalizo jingine: atatokea mwanafunzi wa kusema Kinjeketile ni Nyerere. Mdai mstari unaothibitisha. Utangulizi wa Hussein mwenyewe unasema mhusika wake ni wa ubunifu, si yule wa historia, na hautoi ruhusa ya kumbandika kiongozi yeyote.

Hatua ya 5: Linganisha na Mashetani

Kipindi kimoja kinatosha. Ni mchezo wa 1971, mwandishi yuleyule, lakini mgogoro umehamia kwa Juma na Kitaru, vijana wa tabaka tofauti baada ya uhuru. Ongeza mwaka huo kwenye manila.

Hatua ya 6: Insha

Swali langu: "Chagua tukio moja ambalo mwandishi amelitofautisha na historia. Eleza tofauti hiyo inavyojenga dhamira." Wasifu peke yake haupati alama hata moja. Mwaka uliotajwa bila dondoo la mchezo, nusu alama. Watangazie hayo kabla hawajaanza kuandika.