Dawa za Presha kwa Mwenye Mishipa ya Miguu Iliyoziba

Katika mji wa Lamu, ambako safari nyingi huendwa kwa miguu, mgonjwa wa presha anayebanwa na maumivu kwenye shavu la mguu kila atembeapo, yakamwachia dakika chache baada ya kusimama, huwa mwepesi wa kuvilaumu vidonge. Mara nyingi kinachomsumbua ni ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, zilizosongwa na mafuta, nazo huharibiwa zaidi na presha isiyodhibitiwa, pamoja na sukari na tumbaku.

Kwa hiyo usiache dawa bila kushauriana na daktari, hasa atenololi, ambayo ikikatizwa ghafla huweza kuleta hata shambulio la moyo. Hofu ya zamani kwamba dawa za kundi la atenololi (vizuia-beta) huzidisha maumivu ya kutembea haikuthibitishwa kwa wenye ugonjwa wa wastani. Aliyezidiwa ndiye anayehitaji uangalizi zaidi. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, huweza kuvimbisha vifundo, na uvimbe huo si dalili ya ateri kuziba. Ukianzishiwa enalaprili au losartani, nazo pia za presha, uliza tarehe ya kupimwa figo, kwa sababu mishipa yake nayo huenda imebanwa.

Omba pia ulinganishiwe presha ya kifundo cha mguu na ya mkono: ya mguu ikigawanywa kwa ya mkono, jawabu la 0.90 au pungufu huashiria ateri zimebana.

Daktari akikuruhusu kutembea, njia ya ufukweni iendayo kijiji cha Shela, yenye kilomita 3 hivi, yatosha kabisa, na asubuhi jua huwa halijakaza. Andika daftarini mahali maumivu yanapoanzia, kwa mfano gati fulani. Endelea mpaka yawe ya wastani, simama yatulie, kisha uendelee, hadi itimie nusu saa au zaidi, mara 3 kwa juma, kwa muda wa miezi 3. Daftari hilo litamfaa daktari kuliko maneno “naumwa sana”.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, ukague nyayo kila usiku, na usivae soksi za kubana kabla ya kupimwa. Kidonda kisichopona kipelekwe hospitali mapema. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, usingoje kupambazuke wala usiukande kwa maji ya moto. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa boti ikiwa uko kisiwa kingine, kwa maana mguu huo huokolewa kwa saa chache tu.