Jinsi ya kupashana habari mtaani kabla maji hayajaingia ndani

Mnaokaa bonde la mto Msimbazi hapa Dar, Kigogo, Jangwani, Vingunguti huko, msisubiri masika ya Machi ndo muanze kutafutana namba. Anzeni na mjumbe, piteni naye nyumba kwa nyumba muandike kwenye daftari nani ana mgonjwa, nani mzee anaishi peke yake, nani hana simu, hao ndo wanagongewa mlango kwanza. Grupu la WhatsApp fungueni ila msilitegemee sana, umeme ukikatika simu zinazima, kwa hiyo kila kaya kumi ziwe na mtu wa kuzipitia na mwingine wa akiba, na usiku filimbi, au spika ya msikiti kama umeme upo. Halafu hili wengi wanalisahau, mto unaanzia milima ya Pugu, mvua inaweza kupiga huko na kwenu kukavu kabisa, tafuteni mtu Gongo la Mboto, huko mto unakopita kabla ya kufika kwenu, awe anawapigia akiona maji yanapanda. Tahadhari za TMA, wale wa hali ya hewa, zitumeni na tarehe yake, maana za zamani huwa zinazunguka tena zinatisha watu bure. Zimamoto na uokoaji ni 114, iandikeni ukutani.