Namna ya kumshawishi mtu wa makamo apimwe saratani ya utumbo mpana

Mtu wa makamo anayejiona mzima ndiye mgumu kuliko wote kumshawishi, maana hana maumivu yanayomsukuma kwenda hospitali. Ukimwendea kwa vitisho vya kifo ataitikia tu ili umwache, kwa hiyo anzia kwenye huo uzima wake. Mweleze kwamba saratani hii kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo, polipu, kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana, na kwamba kinyama hicho huweza kuchukua miaka 10 hivi kabla ya kugeuka saratani, bila kuuma wala kujionyesha. Kikionekana mapema hukatwa, na saratani ambayo ingetokana nacho haipati nafasi ya kuanza.

Umri wa kuanza unategemea miongozo ya nchi: Marekani ilishusha kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, na kwingineko wengi huanza wakiwa na miaka 50. Aliye na mzazi, kaka au dada aliyewahi kuugua asingoje umri huo. Mara nyingi hushauriwa aanze akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, kutegemea kipi kinatangulia. Kwa hiyo ambaye baba yake aligunduliwa akiwa na miaka 48 huanza akiwa na 38.

Kabla ya kumshauri lolote, muulize kinachomzuia, kisha unyamaze umsikilize. Wengi watasema hawana nafasi, ilhali kinachowakwaza ni aibu ya kuingizwa mpira wa kamera kwenye njia ya haja kubwa, na sioni sababu ya kuidharau aibu hiyo. Hapo ndipo umweleze kwamba kipo kipimo cha choo kinachofanyika nyumbani. Hupewa kichupa ambacho kifuniko chake kina kijiti; hutandika karatasi au kuweka chombo kikavu ili kinyesi kisiguse maji, hukwangua sehemu kadhaa kwa ncha ya kijiti, kisha hukirudisha, hufunga vizuri, huandika tarehe na kuwahisha sampuli maabara. Kipimo hiki hutafuta damu isiyoonekana kwa macho, na hurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili kwa kufuata utaratibu wa mahali alipo.

Akichagua kamera, yaani kolonoskopi, usimfiche kwamba sehemu ngumu ni maandalizi. Siku moja kabla huishi kwa vinywaji vyepesi visivyo na rangi nyekundu, na hunywa dawa ya kuharisha, mara nyingi nusu jioni na nusu saa chache kabla ya kipimo, mpaka kinachotoka kiwe majimaji ya manjano yasiyo na mabonge. Tumbo lisiposafishika daktari haoni vizuri, na huenda akalazimika kurudia kazi yote. Anayetumia dawa za kisukari, za kuzuia damu kuganda au vidonge vya madini ya chuma amweleze daktari mapema. Kipimo chenyewe huchukua kama dakika 30 hadi 60. Kutokwa damu au utumbo kutoboka hutokea kwa nadra. Kwa kuwa kwa kawaida hupewa dawa ya kumtuliza, haruhusiwi kuendesha gari siku hiyo, kwa hiyo neno "nitakusindikiza" litamsogeza kuliko mawaidha ya wiki nzima. Kamera isipoonyesha tatizo, asiye na hatari ya ziada hukaa miaka 10 kabla ya kurudia.

Haya yote ni ya asiye na dalili. Anayeona damu chooni, anayekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa amwone daktari sasa, wala asijitibu bawasiri kwa kukisia.

Mwisho, fuatilia majibu pamoja naye. Kipimo cha choo kikionyesha damu, haimaanishi kwamba ana saratani, lakini usikubali arudie kipimo kile kile akitumaini kitabadilika: hatua inayofuata ni kolonoskopi, na miadi yake ichukuliwe siku hiyo hiyo.