Somo: Kabla hujapokea mzigo wa Kongo, hesabu siku

Wenye lori moja au mawili, somo hili ni letu. Kampuni yenye gari mia inaweza kuacha kumi zilale mpakani na mishahara ikalipwa. Sisi gari likilala, nyumba nzima imelala. Nilianza kama dereva, sasa nina semi mbili, yaani malori ya kuvuta tela, za ekseli sita. Kosa langu la miaka ya mwanzo lilikuwa kuuliza "mnalipa ngapi?" kabla ya "nitarudi lini?"

Hatua ya 1: Jua gari lako linabeba nini kihalali
Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki inatoa tani 8 kwa ekseli ya mbele, 18 kwa mbili za kuvuta na 24 kwa tatu za tela. Jumla 50. Lipime gari likiwa tupu, tenki zimejaa. Langu ni tani 18, kwa hiyo nabeba 32, basi. Dalali akikwambia "weka 34, mizani ya Vigwaza unapita", mwombe aandike kwamba faini ni yake. Utaona anavyokumbuka ana simu nyingine ya kupokea.

Hatua ya 2: Andika kupanda (kwenda na mzigo) na kushuka (kurudi) pamoja
Chukua kaunta buku, kurasa mbili zinazotazamana. Bei hapa chini ni za mfano, weka za kwako.

Ukurasa wa kushoto, Dar hadi Lubumbashi kupitia mpaka wa Tunduma (Tanzania na Zambia) na wa Kasumbalesa (Zambia na Kongo). Ni karibu kilomita 2,000, kwenda na kurudi 4,000. Tuseme kupanda wanalipa milioni 12, na kushuka umepata shaba ya kuleta bandarini kwa milioni 5. Jumla 17. Gari lenye mzigo likitumia lita moja kwa kilomita 2, ni lita 2,000. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, ni milioni 6. Mileji ya dereva (posho yake ya safari), bima ya kadi ya njano (ya kuvuka mipaka), ushuru wa barabara wa Zambia na wa Kongo, maegesho na yale yasiyo na risiti, weka milioni 4. Inabaki milioni 7.

Ukurasa wa kulia, Dar hadi Mbeya. Saruji kwenda 2,600,000, mchele kurudi 2,200,000. Kilomita 1,660, lita 830, dizeli 2,490,000. Mileji na mengineyo 600,000. Inabaki 1,710,000.

Ukiishia hapo utapanda Kongo mbio. Usiishie hapo.

Hatua ya 3: Gawa kwa siku
Siku zinaanza pale gari linapoingia foleni ya kupakia, zinaisha liko tayari kupakia tena. Mbeya kwa siku 7 ni kama 244,000 kwa siku. Kongo ukizunguka kwa siku 28 ni 250,000. Foleni ikikaza ukatumia 40, ni 175,000. Milioni 7 ni ileile, ila Mbeya imekupita.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, pigia madereva watatu walioko njiani leo. Mmoja awe Tunduma, mmoja Kasumbalesa, mmoja anayeshusha. Dalali atakwambia mpaka uko mweupe. Dereva atakwambia yuko gari la ngapi kwenye foleni.

Hatua ya 4: Malipo
Advansi itoshe dizeli yote ya kupanda na mileji. Mkataba utaje siku za bure za kushusha, na kila siku ya ziada inalipwa ngapi. Karatasi ya kupokelea mzigo irudi na sahihi na muhuri. Dereva wangu aliwahi kurudi na sahihi tupu. Salio la milioni tatu nililifuatilia miezi minne, kila Jumatatu naambiwa mhasibu katoka.

Maswali ya wanachama

Swali: Kaka, Mbeya nne ndani ya siku 28 ni kilomita 6,640. Kongo ni 4,000. Tairi umeziacha wapi?

Jibu: Umenishika. Tairi 22 kwa 600,000 ni 13,200,000. Zikienda kilomita 80,000, kila kilomita inakula 165. Mbeya inashuka hadi 205,000 kwa siku, Kongo ya siku 28 hadi 226,000. Kongo inashinda mpaka karibu siku ya 31. Baada ya hapo, Mbeya.

Swali: Mkuu, wananiongezea milioni 2 nikashushe Kolwezi badala ya Lubumbashi. Niende?

Jibu: Ni kama kilomita 300 mbele, kwenda na kurudi 600. Dizeli 900,000, tairi laki moja. Zikiongezeka siku nne, kila moja ungeingiza 205,000 kwingine. Unabaki na kama 180,000, na ushuru wa barabara hujalipa. Mimi nakataa, isipokuwa shaba ya kushuka inapakiwa hukohuko Kolwezi.

Swali: Mimi gari aliniachia marehemu mume wangu. Dereva anasema yuko foleni siku ya tisa. Nitajuaje ni kweli?

Jibu: Pole sana mama. Funga kifaa cha kufuatilia gari, halafu linganisha na tarehe za mihuri ya mpakani. Ila siku ya tatu ya foleni mpigie umuulize kama bado ana unga. Mileji ikimwishia mpakani, kilicho karibu naye cha kuuza ni dizeli yako. Wangu ana jiko la gesi kwenye boksi la tela, na unga, mafuta na dagaa namnunulia mimi kabla hajatoka Dar.