Kabla Hujajaza Fomu ya Shahada ya Benki na Fedha: Mambo ya Kuzingatia

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, simu yangu haitulii. Anapiga mtoto wa shangazi kutoka Singida, anapiga jirani aliyehama zamani, anapiga kijana nisiyemjua aliyepewa namba na mjomba wake. Swali ni lile lile: "Shikamoo dada. Nimesoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), nataka kwenda chuo kusomea mambo ya benki. Nijiandaeje?" Nilisoma kozi hiyo Dar es Salaam, nikakaa miaka kadhaa kwenye dawati la mikopo, na jibu langu limekuwa likirefuka mwaka hadi mwaka. Leo naliandika lote.

Kwanza ujue unakwenda kusoma nini, maana wengi wetu tulichagua kwa kutazama dirisha la benki. Tulimwona mhudumu nyuma ya kioo, amevaa tai, anahesabu noti, tukasema na mimi nataka kukaa pale. Yule ni kipande kidogo cha kazi. Nyuma yake yuko anayeamua nani akopeshwe na kwa dhamana gani, yuko anayefuatilia mikopo iliyolala, yuko anayenunua hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali, yuko anayehakikisha kanuni za Benki Kuu hazivunjwi. Ukitoka nje ya benki kuna bima, kuna mifuko ya pensheni, kuna SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), kuna madalali wa hisa pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua hisa mwaka 1998. Kila mlango una kozi yake.

Ndiyo maana ukifungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unakutana na majina mengi yanayofanana: Benki na Fedha, Bima na Usimamizi wa Vihatarishi, Hifadhi ya Jamii, Kodi, Uhasibu, Sayansi ya Akchuari (kukadiria vihatarishi kwa hesabu). IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanzishwa mwaka 1972 na kilichopo mtaa wa Shaaban Robert katikati ya jiji, kina sehemu kubwa ya kozi hizo. Wapo pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, Chuo cha Uhasibu Arusha, TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) na CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara). Usichague kwa jina la kozi. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, isome somo kwa somo. Akchuari ni hisabati tupu, uwezekano na kalkulasi, na mtu aliyepita na BAM peke yake, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, atateseka. Bima ina sheria ya mikataba nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kama wewe ni mtu wa kusoma karatasi neno kwa neno kabla ya kusaini, hiyo ni kozi yako, na naona vijana wanaipita bure wakikimbilia Benki na Fedha kwa sababu jina lake limezoeleka.

Sifa za kuingia hazina mzunguko. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Anayetoka diploma anahitaji GPA, yaani wastani wa ufaulu, ya 3.0. Hicho ni kizingiti tu. Kozi nyingine huongeza sharti lake, hasa ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne, kwa hiyo soma mstari wa kozi yako mpaka mwisho. Na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Basi laini uliyojaza kwenye fomu iwe yako, si ya rafiki, na isizimwe kipindi hicho.

Sasa nije kwenye hesabu, hapo ndipo nataka ukae.

Watu huniuliza kama hesabu za chuo ni ngumu. Nawaambia hesabu zenyewe si ngumu. Kigumu ni kujua namba imesimama badala ya nini. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 wa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 18. Mkopeshaji wa kwanza anapiga riba juu ya mkopo wote: 180,000, anajumlisha, anagawa kwa 12, unarejesha shilingi 98,333 kila mwezi. Mkopeshaji wa pili anatoza riba juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni 15,000, kwa sababu bado unadaiwa milioni nzima. Unalipa rejesho la 91,680, deni linashuka hadi 923,320, na mwezi wa pili riba inakuwa 13,850. Inateremka hivyo hadi mwisho, na jumla ya riba yote haifiki 101,000. Matangazo yao yote mawili yanasema "asilimia 18", lakini mmoja amekuchukulia karibu 80,000 zaidi. Kwa yule wa kwanza, mwezi wa kumi na mbili umebakiwa na deni la 83,000 na kidogo, na bado unatozwa riba ya 15,000 kana kwamba hujawahi kulipa hata senti.

Kaa na kalamu uipige hesabu hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari, miezi yote 12. Halafu nenda kaulize mama anayeuza vitenge au bodaboda aliyekopa kununua pikipiki: riba yako inapigwaje? Nimewahi kumwona mteja, mtu mzima mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akinyamaza muda mrefu baada ya kuonyeshwa tofauti hiyo kwenye karatasi. Alikuwa amerudisha mikopo minne kwa mtindo wa kwanza mahali fulani na hakuna aliyewahi kumwambia. Ukielewa kwa nini alinyamaza, umeelewa somo zima la thamani ya fedha na muda kabla hujaketi darasani.

Jambo la pili la kufanyia mazoezi ni kuandika fedha ya watu wengine. Mimi nilijifunza kwenye kikoba cha mama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, katibu wao akajifungua, mama akaniambia, "Mwanangu, njoo utuandikie daftari wiki hizi." Walikutana kila Jumamosi chini ya mwembe, wanawake ishirini na wawili, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilishikwa na wanawake watatu tofauti, na mweka hazina hakuwa mmoja wao. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Jumamosi ya pili nilipofunga hesabu, daftari lilionyesha shilingi 4,000 zaidi ya fedha iliyokuwa kwenye sanduku. Nikatoa noti zangu mbili za elfu mbili, nikasema nitafidia, twende nyumbani. Mama mwenyekiti akanirudishia. "Weka hela yako, mwanangu. Tukikuachia ulipe, hatutajua kosa liko wapi. Anza tena, jina la kwanza." Tukapitia majina yote, mmoja mmoja, kila mwanamke akitaja hisa zake kwa sauti. Giza lilishaingia, tunamulika kwa tochi ya simu, ndipo tukafika kwa mama mmoja aliyenunua hisa tatu na mimi nikaandika tano.

Mwaka wa pili chuoni mwalimu alipofundisha udhibiti wa ndani na usuluhishi wa hesabu, kwangu lilikuwa somo la kufuli tatu na jina la kwanza. Wenzangu walikariri. Mimi nilikuwa nakumbuka.

Kama una muda wa ziada, jizoeze kusoma mizania, yaani karatasi ya mali na madeni. Benki za Tanzania huchapisha taarifa zao za fedha magazetini kila robo mwaka, ukurasa mzima wa namba ndogondogo ambao watu hufungia maandazi. Chukua moja. Tafuta zilipo amana za wateja. Utazikuta upande wa madeni, na hapo wengi hushtuka: fedha uliyoweka benki ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe. Kisha tafuta mikopo iliyotolewa, iko upande wa mali. Shuka hadi kwenye uwiano wa mikopo chechefu, ile iliyopitisha siku 90 bila kulipwa. Benki Kuu inataka uwiano huo usizidi asilimia 5. Fuata benki moja kwa robo mbili au tatu, utaanza kuona inavyopumua.

Tuzungumze fedha zako mwenyewe, maana ni aibu kusomea fedha huku umeshindwa kufika mwisho wa mwezi, na wengi tulipitia hapo. Kama utaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, nyaraka ndizo zinazowaangusha watu: umaskini upo, ushahidi wake haupo. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo vilevile. Kazi hiyo ianze mapema, hata kabla ya matokeo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ileile uliyoombea chuo. Mdhamini awe mtu anayepatikana, mwenye kitambulisho, anayejua anasaini nini. Na wewe ujue kwamba huo ni mkopo kweli: ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka uishe.

Hata ukipata, boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, haliingii siku unayoshuka stendi. Kuna usajili, kuna kusaini, na wiki hizo lazima ule na ulale. Hosteli hazitoshi. Wanafunzi wengi wa vyuo vya katikati ya Dar hupanga Kigamboni kwa sababu vyumba ni nafuu, wanavuka na pantoni asubuhi pamoja na wauza samaki na mafundi, na siku pantoni moja ikiwa matengenezo unafika darasani kipindi kimeisha. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, kaeni na wazazi au walezi, andikeni kwenye karatasi gharama ya miezi miwili ya mwanzo bila kuhesabu boom kabisa. Kama hamna fedha hiyo, ni bora mjue Agosti kuliko Novemba.

Na hapa nakusihi kama dada: usiingie mikopo ya simu. Benki na wakopeshaji wenye leseni hutuma taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya mikopo inayosimamiwa na Benki Kuu. Deni dogo ulilolitelekeza mwaka wa kwanza linaweza kukufuata hadi siku unayoomba kazi ya kusimamia fedha za wengine. Wasio na leseni ni wabaya zaidi, wanatuma ujumbe wa kukuaibisha kwa kila aliye kwenye simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila idhini. Jina lako ni mtaji katika kazi hii kuliko kazi nyingine nyingi.

Kompyuta mpakato si lazima iwe mpya, ila iwe na uwezo wa kuendesha Excel bila kukwama, na ujue kuandika fomula kabla hujafika. Kiingereza cha darasani kitakusumbua miezi ya mwanzo. Dawa niliyoitumia ni daftari la safu mbili: neno la mwalimu upande mmoja, upande wa pili neno ninaloweza kumweleza mama. Ukwasi, dhamana, gawio, hatifungani. Lile ambalo sikuweza kumweleza, nilijua sijalielewa.

Mwisho, angalia mbele ya shahada kabla ya kuianza. Shahada peke yake haikuruhusu kukagua na kusaini hesabu za kampuni. Hiyo ni kazi ya mwenye CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, aliyesajiliwa kwa kazi hiyo na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Kwenye benki kuna mitihani ya Taasisi ya Wanabenki Tanzania. Uliza mapema ni masomo gani ya kozi yako yanakupa msamaha kwenye mitihani hiyo, kwa sababu vyuo vinatofautiana, na kugundua mwaka wa tatu ni kuchelewa. Nafasi za mafunzo kwa vitendo nazo zinagombaniwa. Barua zangu tano kwa benki hazikujibiwa. Nilichukuliwa na SACCOS ya walimu, ofisi ya vyumba viwili, na nikaona mkopo tangu mtu anapoomba hadi anapomaliza kulipa, kitu ambacho wenzangu waliowekwa kupanga mafaili kwenye majengo marefu hawakukiona.

Kama unakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, muda uliobaki kabla ya chuo kufunguliwa ni wiki chache tu. Mtaani kwenu hakukosi kikoba. Nenda siku yao ya mkutano, ufike kabla sanduku halijafunguliwa, umsalimie mwenyekiti na umweleze unataka nini. Yule kijana aliyepewa namba na mjomba wake alifanya hivyo mwaka jana. Aliniambia jibu alilopewa: "Kaa hapo pembeni ya katibu. Leo usiguse hela, hesabu kwa macho tu. Wiki ijayo uje na kalamu."