Kumhudumia Nyumbani Mgonjwa Aliyetibiwa Kraniofaringioma

Kraniofaringioma ni uvimbe adimu unaoota chini ya ubongo, jirani na tezi ya pituitari na mishipa ya fahamu ya macho, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 14 na watu wazima wa miaka 50 hadi 74. Si saratani, lakini jambo hilo lisimpe mtu utulivu wa bure, kwa kuwa hatari yake iko katika mahali ulipoota: hata ukiondolewa kwa upasuaji, au mabaki yake yakitibiwa kwa mionzi, mara nyingi pituitari hubaki haiwezi tena kuuongoza mwili kwa homoni zake.

Dawa ya kuielewa kwanza ni haidrokotisoni, inayoshika nafasi ya kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi, nayo isikatizwe hata siku moja. Mtu mwenye afya akishikwa na homa, mwili wake huongeza kotisoli wenyewe. Mgonjwa huyu hawezi, hivyo anayemuuguza ndiye amwongezee, kwa kawaida mara mbili au tatu ya dozi ya kila siku, akifuata maelekezo ya maandishi ambayo ayadai kwa daktari kabla ya kutoka hospitali. Akiitapika dawa, vidonge havitoshi tena: achomwe sindano ya haidrokotisoni na akimbizwe hospitali. Jifunzeni kuichoma mkiwa bado wodini, muuguzi akiwaangalia, kwa maana usiku wa manane, mgonjwa amelegea, ngozi ina jasho la baridi na akiitwa haitiki vizuri, si wakati wa kuanza kusoma karatasi.

La pili ni maji. Wengi hupewa desmopresini, ambayo bila hiyo mkojo hutoka mwingi na mweupe kama maji, na kiu haikatiki. Hatari ya upande wa pili husahaulika mno: anayekunywa maji kupita kiasi akiwa ametumia dawa hii hupungukiwa na sodiamu, yaani chumvi ya damuni, akaumwa kichwa, akachanganyikiwa, hata akapata degedege. Mpimeni uzito kila asubuhi. Ukipanda ghafla, huenda ni maji yaliyobaki mwilini, basi mpigieni daktari kabla ya dozi inayofuata.

Mtoto akianza kujigonga kwenye miimo ya milango, yaani haoni vya pembeni, msingoje tarehe ya kliniki. Na kwa mtu mzima, ulizeni kama kipande cha uvimbe kilipimwa mabadiliko ya jeni ya BRAF, kwani aina yenye mabadiliko hayo inaweza kusinyaa kwa vidonge.