Kufundisha watoto habari za waliorusha ndege za kwanza, hatua kwa hatua (bila kuwakaririsha tarehe)

Dada yangu anafundisha darasa la tano, juzi kanipigia ananiuliza kipindi cha wavumbuzi wa ndege akifanyeje, maana alichonacho ni mistari michache tu: ndugu wawili wa Marekani, wanaitwa Wright, 1903, basi. Watoto wanakariri, wanajibu mtihani, imeisha hiyo. Mimi Jumamosi huwa nakaa na watoto wa mtaa wetu tunatengeneza vitu vya mikono na hili somo nimelipitisha kwao mara kadhaa, kwa hiyo nikaanza kumwandikia WhatsApp, meseji ikawa ndefu mpaka aibu, bora niiweke vizuri na wengine mtumie.

Inafaa watoto wa miaka 8 mpaka 13 hivi. Vipindi viwili, au asubuhi moja ya Jumamosi.

Kabla ya yote wewe mwenyewe shika hili: usiwaulize watoto "nani alikuwa wa kwanza kuruka", waulize "nani alikuwa wa kwanza kuweza kuiongoza akiwa juu". Ukianza na swali la kwanza utapata jina na tarehe. Ukianza na la pili utapata somo zima.

Vifaa

Karatasi A4 za gramu 80, klipu za karatasi, mkasi, maboksi ya dawa ya meno (watoto wawili boksi moja), kamba ndefu, benchi, na simu ya kuhesabia sekunde. Printi na picha moja, ile ya 17 Desemba 1903, kubwa kadiri unavyoweza. Vya kununua ni karatasi na klipu tu, maboksi waambie waje nayo kutoka nyumbani.

Hatua ya 1: Picha, na usiseme kitu

Bandika picha ukutani, kaa kimya, waache waangalie. Halafu waulize wanaona nini. Watakwambia kuna mtu amelala kifudifudi juu ya bawa, kuna mwingine amesimama pembeni mchangani, ndege haina matairi, na kitu kinachofanana na mkia kipo mbele badala ya nyuma. Yote sahihi. Aliyelala ni Orville, aliyesimama ni kaka yake Wilbur ambaye alikuwa anakimbia kashika bawa na ndo kwanza kaliachia. Aliyebonyeza kamera ni John T. Daniels, mfanyakazi wa kituo cha waokoaji wa baharini cha Kill Devil Hills, hapo karibu na Kitty Hawk, North Carolina, Orville ndo aliitega kamera akamwachia yeye kazi ya kubonyeza.

Katuni mimi sitaki kabisa, wala zile karatasi za kupaka rangi. Kwenye katuni ndege inatabasamu na mvumbuzi anapata wazo ghafla taa inawaka kichwani, baada ya hapo mtoto humtoi tena. Picha moja ya kweli inatosha.

Hatua ya 2: Kamba uwanjani

Toka nao nje. Pima mita 37 kwa kamba, weka alama mwanzo na mwisho. Hiyo ndo safari yote ya kwanza, sekunde 12. Sasa waambie wakimbie umbali huo mmoja mmoja huku mwenzao anahesabu kwa simu. Karibu wote watamshinda Orville, hata wale wa pole pole. Hapo kelele zinaanza, "kumbe ndege ilikuwa inatambaa!"

Waache wapige kelele, halafu waambie siku ile upepo ulikuwa unawapiga usoni kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Kwa mtu aliyesimama chini ndege ilikuwa inakwenda kama kilomita 11 kwa saa tu, lakini kwa hewa inayopita kwenye mabawa ilikuwa kasi kubwa, na bawa linachojali ni hewa. Ndo maana walitoka Dayton, Ohio, walikokuwa na duka la baiskeli, wakaenda mpaka ufukweni kule kwenye upepo mwingi na mchanga laini wa kuangukia.

Wenye umri mkubwa wakokotoe wenyewe, 37 gawanya kwa 12. Na kama kuna mtoto amewahi kuona Dreamliner ya Air Tanzania au ya Kenya Airways mwambie mabawa ya ile ndege kutoka ncha hadi ncha ni mita 60, yaani safari nzima ya Orville ingeishia katikati huko juu ya bawa. Siku hiyo hiyo waliruka mara nne kwa kupokezana, ya mwisho Wilbur alikwenda mita 260 kwa sekunde 59, halafu upepo ukaibeba ndege ikiwa imepaki ukaipindua, ikavunjika, wakafunga mizigo wakarudi kwao.

Hatua ya 3: Waliojaribu kabla

Fupi tu, wasimulie wawili. Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliruka na mabawa yasiyo na injini zaidi ya mara 2,000, anaongoza kwa kurusha miguu na kiwiliwili huku na huku, 1896 upepo ukamzidi akaanguka akafa. Na Samuel Langley, mwanasayansi mkubwa wa Washington, jeshi lilimpa dola 50,000, injini yake ilikuwa na nguvu farasi 52, ndege ikafyatuliwa kutoka juu ya boti kwenye mto Potomac, Oktoba 1903 ikatumbukia majini, tarehe 8 Desemba ikatumbukia tena. Rubani wake Charles Manly akaopolewa mzima mara zote mbili.

Siku tisa baadaye akina Wright wakaruka na injini ya nguvu farasi 12 aliyowatengenezea fundi wao wa dukani, Charlie Taylor, kwa wiki kama sita. Nguvu hizo zinakaribiana na za bodaboda ya cc 150, na mnyororo wa kuzungushia propela ulikuwa wa namna ya baiskeli. Waulize watoto: nani alikuwa na injini nzuri zaidi? Sasa kwa nini mwenye injini mbovu ndo karuka? Usiwape jibu. Nenda hatua ya 4.

Hatua ya 4: Boksi la dawa ya meno

Mwaka 1899 Wilbur alikuwa dukani anaongea na mteja huku mkononi ana boksi refu jembamba la tyubu ya baiskeli, akawa analipinda pinda bila kufikiria, akaona upande mmoja ukiinama mbele mwingine unainama nyuma na boksi halivunjiki. Hilo ndo lilikuwa jibu la namna ya kuiongoza ndege ikiwa juu.

Toa vifuniko vya pande zote mbili ili boksi liwe wazi huku na huku. Hili watu wanaliruka halafu wanashangaa boksi halipindi. Upande wa juu wa boksi ni bawa la juu, wa chini ni bawa la chini. Shika mwisho mmoja kwa mkono wa kushoto na mwingine kwa mkono wa kulia, halafu pinda kidogo kinyume, mkono mmoja kwenda mbele mwingine nyuma. Mtoto ataona ncha moja ya bawa imeinuka uso na nyingine imeshuka. Iliyoinuka inabebwa zaidi na hewa, iliyoshuka inabebwa kidogo, kwa hiyo ndege inalala upande na inakata kona. Boksi la maziwa usitumie, ni gumu mno.

Kama kuna mwewe maeneo yenu mtoke mkamtazame. Wilbur naye alikaa sana kuangalia ndege wanaozunguka angani, akaona wanapinda ncha za mabawa wakitaka kujiweka sawa upepo ukiwayumbisha.

Hatua ya 5: Ndege ya karatasi yenye usukani

Hii ndo inayokula muda, na ukiiharibu hii watoto wanaondoka wanaamini sayansi ni bahati nasibu. Kwa hiyo nitaandika sana, nivumilieni.

Kunja ndege ya kawaida ya karatasi, ile yenye mabawa mapana. Ile nyembamba yenye ncha kali inakwenda mbali lakini haisikii usukani, achana nayo. Karatasi iwe ya A4 ya gramu 80. Ya daftari ni laini mno hasa ukiwa pwani, unyevu wa asubuhi tu imeshalegea, na manila nayo ni nzito mikunjo inavimba. Watu watakwambia manila ni bora kwa sababu ni imara, kwa boksi sawa, kwa hii hapana.

Nyuma ya kila bawa kata mikato miwili midogo upate kilimi cha upana wa vidole viwili, urefu kama ukucha wa dole gumba. Usivipinde bado! Narudia, usivipinde bado. Kwanza weka klipu moja puani, inua mabawa kidogo ili ukiitazama kwa mbele iwe na umbo la V pana, na hakikisha bawa la kushoto na la kulia ni sawasawa, iweke usawa wa macho uangalie kwa nyuma. Bawa moja likiwa limejikunja hata kidogo ndege italala upande huo na mtoto atadhani ni kilimi.

Zima feni. Funga madirisha ya upande wa upepo au ingieni ukumbini, nje upepo mdogo tu unaharibu kila kitu na huwezi kujua kilichotokea kimesababishwa na nini. Kisha irushe taratibu, unaisukuma mbele kwa usawa, sio kuitupa kama jiwe. Watoto wote wataitupa, wafundishe kurusha peke yake kabla ya jambo lingine, na wanaobisha wape zamu ya mwisho.

Ikipiga pua chini, toa klipu au pinda vilimi vyote viwili juu kidogo sana. Ikipanda juu halafu ikasimama na kudondoka, sogeza klipu mbele zaidi au ongeza ya pili. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ukibadilisha klipu na vilimi kwa pamoja hujui nini kimesaidia, na hapo ndo masaa yanapotea kabisa. Mpaka iende moja kwa moja bila kona, ndipo muanze usukani.

Sasa: vilimi vyote juu, pua inapanda. Vyote chini, pua inashuka. Cha kushoto juu na cha kulia chini, ndege inalalia kushoto na kukata kushoto. Kabla ya kila mrusho mtoto aseme kwa sauti itakwenda wapi, halafu arushe. Asiposema kabla haihesabiki, mimi hapo sina huruma. Kupinda kuwe kudogo mno, ukipinda nyuzi 90 kile kilimi kinakuwa breki.

Wakikasirika kwamba haikubali waambie habari za 1901. Akina Wright walirudi nyumbani wamevunjika moyo kwa sababu mabawa yao yalibeba pungufu sana ya hesabu walizozitegemea. Wakatengeneza boksi la mbao lenye feni la kupulizia upepo, na mizani ya kupimia waliichonga kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoku za baiskeli, wakapima maumbo ya mabawa madogo kama 200. Mwaka uliofuata, 1902, ndege yao isiyo na injini iliwasikiliza, wakaruka nayo mamia ya mara kabla hata ya kufikiria injini. Jibu la hatua ya 3 watoto watalitoa wenyewe hapo.

Hatua ya 6: Benchi

Mtoto alale kifudifudi kwenye benchi. Mkono mmoja ashike kijiti cha pua juu na chini, na nyonga azisogeze kushoto na kulia. Ndivyo Orville alivyoendesha, waya za kupinda mabawa zilifungwa kwenye kitanda cha nyonga. Wewe paza sauti "upepo kushoto!" naye ajibu kwa mwili. Watacheka sana, waache.

Hatua ya 7: Waache wabishane

Brazili watoto wanafundishwa jina lingine: Alberto Santos-Dumont. Tarehe 23 Oktoba 1906 pale Bagatelle, Paris, mbele ya umati alirusha ndege yake 14-bis kama mita 60, na 12 Novemba mita 220. Aliruka kwa matairi yake mwenyewe, wakati akina Wright 1903 waliteleza juu ya reli ya mbao na mashahidi walikuwa watano tu. Na Clément Ader wa Ufaransa aliinuka na injini ya mvuke 1890, ila hakuweza kuiongoza.

Gawanya makundi matatu, kila moja litetee mtu wake. Sharti moja, kwanza waandike ubaoni "kuruka" maana yake nini: injini? mtu ndani? kuongoza? kutua salama? mashahidi? Atakayeshinda anategemea walichoandika, na wataligundua hilo katikati ya ugomvi. Mimi nipo upande wa akina Wright, kwa sababu Oktoba 1905 Wilbur alishazunguka angani dakika 39 bila kutua, lakini siwaambii watoto mpaka mwisho.

Ukibaki na muda mchore mstari wa miaka ukutani. Mwaka 1909 Louis Blériot akavuka bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza. Mwaka 1915 uandike kwa kalamu nyekundu, Waingereza walikuwa wanarusha ndege kutoka kisiwa cha Mafia kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Miaka 12 tu baada ya zile mita 37. Watoto wa huku kwetu hiyo inawagusa kuliko Paris.

Kama wako ni chini ya miaka 8 ruka hatua ya 3 na ya 7, na ya 5 kunja wewe wao warushe. Na klipu zihesabu kabla hawajatoka, hasa kama kuna mdogo wao anayetambaa nyumbani.